Elimu bila malipo: Anachopaswa kulipa mzazi wa shule ya msingi, na asichopaswa

Kila Januari shule za msingi za Serikali zinapofunguliwa nchini Tanzania, swali moja hurejea katika nyumba nyingi: ikiwa elimu ni bila malipo, kwa nini mtoto amerudi nyumbani na orodha ya vitu vya kununua na michango ya kutoa?

Swali hilo si dogo. Kwa familia yenye watoto watatu au wanne, shilingi elfu chache kwa kila mmoja zaweza kuamua nani aingie darasani na nani asubiri hadi fedha ipatikane. Mzazi asiyejua mpaka wa wajibu wake hujikuta katika moja ya makosa mawili: ama analipa asichodaiwa, ama anakataa kutimiza yale ambayo yamebaki mikononi mwake.

Ada ilivyoondoka na kurudi

Hii si mara ya kwanza kwa Tanzania kufuta malipo katika shule za msingi. Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere iliondoa ada mwaka 1973, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaweka lengo la kuwapatia watoto wote elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikafanya uandikishaji na mahudhurio kuwa jambo la lazima, na mzazi anayemzuia mtoto kwenda shule aweza kushitakiwa.

Hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 ilirudisha malipo, na watoto wengi wa kaya maskini wakabaki nje ya shule. Ada ilifutwa tena mwaka 2001, sambamba na maandalizi ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM). Idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005.

Hata hivyo, ada ilipotoka mlangoni, michango iliingia dirishani. Shule nyingi zilianza kudai fedha za mlinzi, maji, umeme, mitihani ya majaribio, madawati na ukarabati. Michango hiyo haikuitwa ada, lakini aliyeshindwa kuitoa alirudishwa nyumbani kama aliyeshindwa kulipa ada.

Ndiyo maana Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 haukuishia kwenye ada ya sekondari. Kuanzia Januari 2016, waraka huo uliondoa pia michango ya lazima katika shule za umma, kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Mwaka 2018 idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilivuka milioni 10.

Nani analipa nini

Mgawanyo wa majukumu ulifafanuliwa na Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016. Kwa ufupi, Serikali hubeba ruzuku ya uendeshaji wa shule, gharama za mitihani ya kitaifa na chakula cha wanafunzi wa bweni.

Mzazi au mlezi hubaki na sare za shule na za michezo, madaftari, kalamu na vifaa vingine vya kujifunzia vya mwanafunzi mwenyewe, matibabu, nauli, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Kwa mtoto wa bweni, mzazi hununua pia godoro, shuka na vifaa vya usafi binafsi.

Kwa maneno mengine, "bila malipo" haina maana ya bila gharama. Maana yake ni kwamba mlango wa darasa haupaswi kufungwa kwa sababu ya fedha. Mwanafunzi asirudishwe nyumbani kwa kuwa mzazi wake hajatoa mchango.

Januari 2018 Rais wa wakati huo, John Magufuli, alipiga marufuku walimu kukusanya michango kutoka kwa wanafunzi, na kuelekeza kwamba anayetaka kuchangia kwa hiari apeleke mchango wake kwa mkurugenzi wa halmashauri. Shabaha ilikuwa kumwondoa mwalimu katika nafasi ya mkusanya madeni, na kumwondoa mtoto katika nafasi ya mdaiwa.

Kwa nini shule bado huomba

Si kila ombi la fedha hutokana na tamaa ya mwalimu. MMEM ilipoanza mwaka 2002, ruzuku ya mwanafunzi mmoja wa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, sawa na takriban dola 10 za Marekani wakati huo. Kiwango hicho hicho kilitumika pia mwaka 2016, ilhali leo thamani ya shilingi 10,000 ni chini ya nusu ya dola hizo.

Kati ya shilingi 10,000, shilingi 4,000 zilitengwa kwa ununuzi wa vitabu, na shilingi 6,000 zilikwenda katika akaunti ya shule. Shule yenye wanafunzi 800 ilipata hivyo shilingi milioni 4.8 kwa mwaka, yaani shilingi 400,000 kwa mwezi. Ni shilingi 500 kwa kila mtoto, na ndani yake ilipaswa kutoka chaki, karatasi za mitihani ya ndani, ukarabati mdogo na gharama za ofisi.

Hesabu hiyo haihalalishi kumfukuza mtoto. Inaeleza tu kwa nini mwalimu mkuu huitisha kikao cha wazazi, na kwa nini mzazi anayehudhuria hana budi kuuliza ruzuku imefika kiasi gani na imetumikaje. Mapato na matumizi ya shule si siri. Wazazi wana haki ya kuyaona, na kamati ya shule, ambayo wazazi huwakilishwa ndani yake, ina wajibu wa kuyasimamia.

Suala la chakula

Eneo lenye mvutano mkubwa zaidi ni chakula cha mchana. Mtoto anayetoka nyumbani alfajiri na kukaa na njaa hadi jioni hawezi kufuatilia hesabu wala kusoma, na hilo halina ubishi. Lakini kwa shule za kutwa, chakula ni jukumu la wazazi, na shule nyingi huweka kiwango cha mahindi, maharage au fedha.

Mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni uliotolewa mwaka 2021 unahimiza jamii kushiriki katika huduma hiyo. Njia inayofaa ni wazazi wenyewe kukubaliana katika kikao, muhtasari ukaandikwa, na kaya zisizo na uwezo zikatafutiwa utaratibu wao. Makubaliano yasiyo na nafasi ya mnyonge huishia kuwa ada kwa jina jingine.

Uandikishaji na mabadiliko ya mtaala

Uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza kwa kawaida hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka, kabla ya muhula wa Januari. Nao haulipiwi. Shule huomba cheti cha kuzaliwa ili kuthibitisha umri, hivyo ni vyema mzazi akakishughulikia mapema kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA).

Aidha, mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 katika darasa la awali, la kwanza na la tatu. Kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, elimu ya msingi itakuwa miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini.

Matokeo yake yanafaa kuwekwa katika hesabu za nyumbani. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 wanatarajiwa kuhitimu darasa la sita mwaka 2027. Waliokuwa darasa la nne mwaka huo huo, wakiwa bado katika mtaala wa zamani, watahitimu darasa la saba mwaka huo huo wa 2027. Makundi yote mawili yatahitaji nafasi za kidato cha kwanza Januari 2028. Mzazi mwenye watoto wawili waliopishana darasa moja katika madarasa hayo atanunua sare mbili za sekondari kwa wakati mmoja.

Mtoto akirudishwa nyumbani

Hatua ya kwanza ni kumwona mwalimu mkuu na kuomba sababu ya kurudishwa kwa mtoto, ikiwezekana kwa maandishi. Suala lisipotatuliwa hapo, hupelekwa kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, kisha kwa ofisa elimu wa kata. Juu yao wapo ofisa elimu wa halmashauri na mkurugenzi wake.

Mchango wowote unaotolewa kwa hiari hauna budi kuambatana na stakabadhi. Na wakati mashauri yakiendelea baina ya watu wazima, mahali pa mtoto ni darasani.