Mikoko ya Ghuba ya Gazi: Aina, Upandaji na Ulinzi Wake

Mikoko ni miti na vichaka vinavyostahimili chumvi na kuota matopeni, kati ya kiwango cha maji kupwa na kiwango cha maji kujaa. Kwa maana finyu, mkoko ni mti mmoja tu, Rhizophora mucronata. Hapa maana pana ndiyo inayofuatwa. Kenya ina aina tisa za mikoko. Ghuba ya Gazi, iliyo Kwale, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Mombasa, inazo zote, na ndiko liliko eneo la Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni.

Aina hutofautishwa kwanza kwa mahali zinapoota. Mlilana husimama mbele kabisa, ukikabili bahari. Nyuma yake hufuata mkoko, kisha msinzi, uitwao pia muia, halafu mkandaa. Mchu hauna nidhamu hiyo: huonekana upande wa bahari na tena upande wa nchi kavu, penye chumvi kali. Kikandaa, mkomafi, mkomafi dume na msikundazi ndizo zilizo chache. Kikandaa na msikundazi hukaa ukingoni, mahali maji hufika kwa nadra.

Mizizi ni kitambulisho cha pili. Mkoko una mizizi inayoshuka kutoka shinani na kuuinua mti juu ya tope. Mchu huchomoza vijiti vyembamba, mlilana vigingi vinene, na msinzi mafundo yaliyopinda mfano wa magoti. Maumbo ni mbalimbali, kazi ni moja: kuvuta hewa, kwa kuwa tope halina. Humo mizizini hujificha kamba, kaa na samaki wachanga.

Mbegu huamua namna ya kupanda. Mkoko, msinzi na mkandaa huotesha mbegu zikingali mtini. Kinachoanguka si tunda bali mche tayari, nao waweza kuchomekwa moja kwa moja topeni. Mbegu ya mchu hulowekwa hadi ganda livuke, kisha hutiwa kwenye viriba kitaluni. Mlilana ndio mgumu: tunda lake lina mbegu ndogo nyingi, na miche yake midogo huzolewa na mawimbi. Kitalu huwekwa mahali maji ya bamvua yanapofika, ili miche izoee chumvi mapema. Kosa linaloua miche mingi si uhaba wa maji bali ni kupanda aina isiyo ya mahali pale. Mkoko uliopandwa penye kina cha mlilana hauponi.

Matumizi ya miti hii ni ya kale. Miti ya kujengea hupangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo na banaa. Zamani majahazi yalipeleka boriti hadi Uarabuni. Magome ya mikoko hutoa rangi na dawa ya kutengenezea ngozi, na mlilana hutoa mataruma ya vyombo. Huko Gazi ukataji mkubwa ulitokana na kuni za viwanda vya chokaa na matofali katika miaka ya 1970, ukaacha viwanja vitupu ambavyo havikuota tena vyenyewe. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya walianza kuvipanda mwaka 1991 pamoja na wenyeji.

Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, unahusu hekta 117, nyingi zikiwa msitu wa asili na chache mashamba yaliyopandwa. Kazi yake ni mbili: kupanda na kulinda. Kupanda ndiko kunakopigwa picha, lakini kulinda ndiko kwenye uzito, maana kaboni nyingi inayohifadhiwa na mikoko imo kwenye tope lililojilimbikiza chini ya miti mikongwe. Mradi huuza hati za kaboni za kiasi cha tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, na mapato huenda kwenye maji safi, shule na ulinzi wa msitu wenyewe. Mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Mradi wa pili wa namna hiyo ulianzishwa mwaka 2019 karibu na mpaka wa Tanzania, katika vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu. Una hekta 460, karibu mara nne ya eneo la Gazi.