Poka: Kungoja kopa ya tano mbele ya wengi
Mcheza karata wa Mbaraki aliyezoea turufu huenda akashangazwa na poka, kwani humo hakuna aina inayotawala nyingine. Mwenye kopa mbili mkononi na mbili mezani, zikisalia karata mbili kufunuliwa, ana kopa tisa za kumtimizia tano. Uwezekano wake ni takriban asilimia 35. Wachezaji wanne wakichangia sawa, yeye hutoa robo tu ya dau linaloongezwa, hivyo hesabu humpendelea. Hatari ni ree. Kopa ndogo hushindwa na kubwa, na wachezaji wakizidi, huenda mmojawapo ameishika ree ya kopa. Asiye nayo na achunge mfuko wake. Kutishia kwa dau nono nako hakufai sana: kati ya watatu, hakosekani wa kulipa.