Wati Zilizoileta Kompyuta Ngana

Wanaosimulia historia ya kompyuta hupenda kuanza na kasi. Mimi, mwenye steshenari hapa Ngana, naanza na petroli. Kabla nguzo za umeme hazijafika mtaani kwetu, kila hati ya mauziano ya shamba, kila mtihani wa shule na kila muhtasari wa kikao cha kijiji ulichapwa kwa jenereta ya wati 950, na petroli ilifuatwa Kyela mjini. Kompyuta ilikuwa Pentium 4 ya mtumba kutoka Mbeya, yenye skrini ya chogo. Ukiifungua ubavu unakuta pande la aluminiamu lenye mapezi la kupoza prosesa, juu yake feni inavuma, na vumbi la barabarani limeziba nafasi zote. Joto letu la Kyela mwalijua. Feni ikizidiwa, prosesa hujipunguzia kasi isije ikaungua. Mteja anasubiri, jenereta inakunywa.

Joto lile lina historia. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha kwamba transista, zile swichi ndogo ndani ya chipu, zikifanywa ndogo zaidi, volteji nayo hushushwa, hivyo kasi inapanda bila joto kuongezeka. Mwaka huohuo serikali yetu ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali, miaka tisa baada ya ile ya kwanza kufungwa Wizara ya Fedha. Baadaye, tulipokwisha kufunguliwa mlango, kanuni ya Dennard nayo ikafika ukingoni. Transista zilikuwa ndogo mno hata zikavujisha umeme, na volteji ikagoma kushuka. Mwaka 2004 Pentium 4 ilifika gigahezi 3.8 na wati 115, na Intel, kampuni iliyoitengeneza, ikaachana na mrithi wake iliyokuwa ikimwandaa, ikageukia prosesa za viini viwili, yaani prosesa mbili ndani ya chipu moja.

Wapo waliotangulia kuliona hilo. Kunle Olukotun, profesa wa Stanford mwenye asili ya Nigeria, aliandika na wenzake mwaka 1996 wakitetea kuweka prosesa kadhaa ndogo ndani ya chipu moja. IBM ilitoa prosesa ya POWER4 yenye viini viwili mwaka 2001. Kampuni aliyoianzisha Olukotun, Afara, ilinunuliwa na kampuni ya Sun, na mwaka 2005 ikazaliwa prosesa ya UltraSPARC T1: viini vinane kwa wati zipatazo 72.

Siri iko kwenye hesabu ambayo fundi yeyote wa umeme ataielewa. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda kwa kasi yake mara volteji, mara volteji tena. Punguza kasi na volteji kwa asilimia 20 kila kimoja, ulaji unashuka hadi karibu nusu. Kwa umeme uleule sasa unalisha viini viwili, na kazi inayogawanyika inasonga mara 1.6. Ni kama kuvuna mpunga: wawili wa mwendo wa kawaida humaliza jaruba mapema kuliko mmoja anayekimbia hadi kuishiwa pumzi.

Core Duo, prosesa ya Intel ya viini viwili kwa kompyuta mpakato, ilitoka Januari 2006 ikiwa na wati 31. Mimi niliipata miaka mingi baadaye, mtumba tena, na hapo ndipo biashara yangu ilipobadilika. Paneli moja ya sola na betri ya gari viliweza kuibeba kutwa. Petroli ikabaki ya siku za mawingu na za kutoa kopi nyingi. Bei ya kuchapa ukurasa ilishuka, na wakulima wa kokoa waliokuwa wakipanda gari hadi mjini kwa ajili ya barua moja wakaanza kuja kwangu.

Mwaka 2011 kampuni ya ARM ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuchanganya viini vikubwa na vidogo: vidogo vinashika kazi nyepesi, vikubwa vinaamshwa kazi ikizidi. Ndiyo maana simu ya viini vinane anayokuja nayo mteja inakula wati chache tu na kushinda na chaji, huku ikifungua hati ambazo Pentium yangu ilizihangaikia.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaonunulia shule na ofisi zetu za vijijini kompyuta. Msisome gigahezi peke yake. Ulizeni mashine inakula wati ngapi, kisha ulizeni nani atalipia umeme huo kila mwezi. Huku kwetu, kompyuta zilizodumu kazini ni zile ambazo mwenyewe aliweza kuzilisha.