Boma Linaishia Wapi?

Siku moja sokoni Roret mtu alipiga kelele, "Mwizi!" Miguu yangu ikakimbia kabla sijaituma. Nilipofika nilikuwa na jiwe mkononi, na hata sikumbuki kuliokota. Mimi, niliyekaa chuo miaka miwili kabla karo haijaisha, niliyekuwa najiona msee mstaarabu.

Neno lenyewe lina historia. Ustaarabu, kwa asili yake, ni kufuata mienendo ya Waarabu. Pwani ya zamani iliwagawa watu hivyo: huyu mstaarabu, yule wa bara mshenzi. Waingereza walipofika huku kwetu na kutuita Lumbwa, walikuja na kipimo chao wenyewe.

Lakini Kipsigis walikuwa na sheria. Ukimwibia jirani, wazee wa kokwet walikaa, wakakusikiliza, ukalipa. Ukimuua Mkipsigis mwenzako, ukoo wako ulitoa ng'ombe kwa ukoo wa marehemu ili kisasi kikome. Hasira ilikuwepo, ila ilifungiwa bomani. Shida ni kwamba boma lina mwisho. Ng'ombe wa Mmasai alikuwa nje, na kumchukua hakukuitwa wizi. Kuliitwa ushujaa.

Mwaka 1905 Kipsigis wa Sotik walivamia Wamasai, wakachukua ng'ombe, wanawake na watoto. Tusifiche hilo. Serikali ikadai warudishwe, ikakataliwa, ikamtuma Meja Richard Pope-Hennessy na askari wake. Waliua watu wengi, kisha wakaswaga mifugo. Ebu fikiria: waliokuja kuadhibu wezi wa ng'ombe waliondoka na ng'ombe. Karatasini hata huo haukuwa wizi.

Mwaka 1930 Sigmund Freud alichapisha kitabu akisema ustaarabu unatudai tubane silika zetu, na kubana huko kunatuumiza. Sawa. Lakini historia ya Kericho inauliza swali lingine: tunazibana mbele ya nani, na tunamwachilia nani zimrarue?

Chukua Talai, ukoo wa waganga na waonaji ambao Waingereza waliuogopa. Mwaka 1934 serikali ilitunga sheria ya kuwahamisha. Ukoo mzima, wazee kwa watoto wachanga, ukapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria, kwenye malaria na mbung'o. Hawakuachiliwa hadi karibu na uhuru. Kosa la mtoto mchanga lilikuwa kuzaliwa Talai. Kule London mtu hakufungwa kwa makosa ya binamu yake. Waliotunga sheria hiyo walijua haki ni nini. Talai tu ndio walikuwa nje ya boma, huku mashamba ya chai yakizidi kutanda kwenye ardhi iliyokuwa yetu.

Turudi sokoni. Kijana alikuwa chini, mdomo unavuja damu. Mama mmoja wa mboga akainama, akamtazama vizuri. "Huyu si mtoto wa yule fundi wa baiskeli, marehemu?"

Mkono mmoja ukashuka. Halafu mwingine. Hakuna aliyetuhubiria, na sidhani tulistaarabika ghafla. Kijana aliingizwa bomani kwa jina la baba yake, basi. Angekuwa mgeni aliyeshuka kwenye matatu asubuhi hiyo, nani angemtaja?

Jiwe nililidondosha nyuma yangu, polepole, kama mtu anayerudisha kitu alichoiba.