Usisafirie nyota ya mwenzio: Kitabu gani cha kubeba uendapo Kilwa?

USISAFIRIE nyota ya mwenzio, walisema mabaharia wa pwani yetu. Methali hii aghalabu hutumiwa kumwonya mtu asiige bahati ya mwingine. Leo nataka kuitumia karibu na maana yake ya asili, yaani safari, na kile kinachotuongoza safarini.

Kuna walimu wastaafu hapa Nakuru ambao wamekuwa wakichangishana pesa kidogo kidogo ili wafunge safari hadi Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania. Wengi wao walifundisha Historia kwa miaka na mikaka. Walichora ramani ya Kilwa ubaoni mara zisizohesabika, wakasimulia habari za dhahabu ya Sofala, na hawajawahi kutia mguu huko. Sasa nauli imepatikana, na swali waliloniletea ni moja: Profesa, tununue kitabu gani cha mwongozo?

Mtu anaweza kudhani hilo ni swali la dukani tu. Mimi naliona ni swali la historia. Msafiri akisimama mbele ya ukuta wa matumbawe uliobomoka, macho yake huona mawe na chokaa. Nani aliujenga, kwa nini, na wajukuu wake wako wapi, hayo yote huyapata kitabuni. Akibeba kitabu kibaya, atarudi nyumbani na picha nzuri na hadithi ya uongo, na hadithi hiyo ndiyo atakayowapa wajukuu.

Kwanza tukumbuke kwamba kila kitabu cha mwongozo huandikiwa msafiri fulani. Takriban miaka 2,000 iliyopita, mtu mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alitunga kitabu kiitwacho Periplus, kinachoeleza safari za bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Ndani yake anaitaja pwani yetu na soko lake la mwisho, Rhapta. Anaeleza bidhaa zinazouzwa huko na zinazonunuliwa, zikiwemo pembe za ndovu. Habari za nyimbo au mazishi ya wenyeji hakuzishughulikia, kwa kuwa msomaji wake alikuwa mfanyabiashara. Vivyo hivyo, wakati wa ukoloni, kampuni ya meli ya Union-Castle ilikuwa na kitabu chake cha mwongozo wa Afrika Kusini na Mashariki. Kiliwalenga watalii, wawindaji na walowezi. Msomaji wake alitaka kujua ardhi iko wapi na wanyama wako wapi. Sisi tulikuwa sehemu ya mandhari.

Sasa, kitabu cha leo kinamwandikia nani? Njia rahisi ya kujua ni hii: kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa mahali unapopajua vizuri. Wewe wa Nakuru, tafuta Nakuru. Ukikuta heroe, vifaru na hoteli pekee, jua kwamba mwandishi alipita mbio akielekea Maasai Mara. Tafuta Hyrax Hill, kile kilima cha pimbi kilicho kilomita chache tu kutoka mjini, kando ya barabara ya Nairobi. Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938. Mwaka 1943 mahali hapo pakatangazwa kuwa mnara wa kitaifa, na mwaka 1965 pakafunguliwa kwa umma. Tafuta pia Kariandusi, karibu na Elementaita, ambapo Louis Leakey aligundua mwaka 1928 mashoka ya mawe ya watu wa kale sana. Kama kitabu hakina habari ya kuaminika kuhusu majirani zako, kwa nini ukiamini kuhusu majirani wa mbali?

Hyrax Hill ina somo jingine kubwa zaidi. Aliyewahi kuzuru hapo ameonyeshwa mashimo mapana yenye kina kifupi, ambayo sasa yameota nyasi. Mashimo ya namna hiyo yametapakaa katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya, na wazee wa Kikalenjin huyahusisha na watu waitwao Wasirikwa. Je, yalikuwa ya nini? Awali yalidhaniwa kuwa nyumba za shimoni. Mwaka 1933, G. W. B. Huntingford aliandika katika jarida la Antiquity kuhusu kile alichokiita ustaarabu wa Azania: taifa la kale, lililosemekana kuwa la asili ya Kihamiti, lililochimba mashimo na mifereji na kujenga barabara, kisha likatoweka. Yaani kazi ya mikono ilionekana, lakini mwenye mikono akatafutwa mbali. Waafrika waliokuwa wakiishi papo hapo hawakufikiriwa kuwa wangeweza kuwa wenyewe.

Baadaye mwanaakiolojia John Sutton aliyachunguza mashimo hayo kwa miaka mingi. Akaonyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Zizi lilichimbwa chini kidogo, nyumba ikajengwa ubavuni mwake, na samadi na matope yakazolewa na kutupwa nje hadi yakawa kichuguu. Wenye mazizi hayo walikuwa wafugaji walioishi katika nyanda hizi tangu takriban karne ya 12 hadi ya 18, na Sutton aliwahusisha na mababu wa jamii za Kikalenjin. Hawakutoweka popote! Walibadilisha namna ya kufuga na kuishi, baadhi wakachanganyika na wengine, majina yakabadilika. Taifa la ajabu lililopotea lilikuwa ni babu ya jirani yako.

Nimeyaeleza haya kwa sababu yaliyotokea Nakuru yalitokea pwani pia. James Kirkman, aliyechimba Gede karibu na Malindi kuanzia mwaka 1948, alitoa kitabu mwaka 1954 ambacho jalada lake liliiita Gede mji wa Kiarabu. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, alichapisha juzuu mbili kubwa mwaka 1974. Kazi yake ya kupima kuta, kupanga vigae na kusoma sarafu bado inatusaidia hadi leo. Hata hivyo, wasomi wa kizazi hicho kwa jumla waliitazama miji hii kama kazi ya wageni waliotoka ng'ambo ya bahari, na Mswahili wakamwona kama mpangaji katika nyumba ya mwenyewe.

Miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate. Chini ya msikiti wa mawe alikuta mabaki ya misikiti mingine midogo, mmoja juu ya mwingine, na ya chini kabisa ilikuwa ya miti, ya karne ya 8. Mji wa mawe ulikua hatua kwa hatua kutoka kijiji cha miti na udongo. Haukushushwa kutoka jahazini ukiwa mzima.

Halafu kukaja sayansi ya DNA. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mabaki ya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo. Ilibainika kwamba wengi wao walikuwa na mababu wa Kiafrika, hasa kwa upande wa wanawake, na mababu wa Kiasia, hasa wanaume kutoka Uajemi. Mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Kwa hivyo wazee wa pwani waliosema "sisi ni Washirazi" hawakuwa wakiota, wala waliosema Uswahili ni wa Kiafrika hawakukosea. Bibi alikuwa mwenyeji, babu alikuja na pepo za kaskazi. Kitabu kinachokupa upande mmoja tu kimepitwa na wakati, hata kama kimechapwa mwaka jana.

Ajabu ni kwamba masimulizi ya Kilwa yenyewe yalishatudokezea hayo. Tarikh ya Kilwa inasema mwana wa mfalme kutoka Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Wengi husimulia kisa hiki ili kumtukuza mnunuzi. Mimi humtazama muuzaji. Kama kisiwa kilinunuliwa, basi kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alijua thamani ya mali yake.

Turudi dukani. Ni kitabu gani basi? Yule yule Sutton aliyetufafanulia mazizi ya Hyrax Hill, na ambaye aliwahi kuiongoza Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki jijini Nairobi, aliandika historia ya Kilwa pamoja na mwongozo wa majengo yake. Ilitoka mwaka 1998 katika jarida la Azania, toleo la 33. Iko kwa Kiingereza, na ni ya kabla ya uchunguzi wa DNA, lakini ndiyo ningeibeba mimi. Sababu yangu ni kwamba ina ramani na michoro ya majengo, na inakutembeza mguu kwa mguu. Utausimamia Msikiti Mkuu ukijua sehemu yake ya kaskazini ni ya kale zaidi, na kwamba ulipanuliwa mno baadaye. Utaingia Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, lililojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman katika karne ya 14. Sultani huyo ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipozuru Kilwa mwaka 1331. Utafika Gereza na kukumbuka kwamba Wareno waliuvamia mji huo mwaka 1505.

Ukikosa kitabu hicho, pima kingine chochote kwa vitu vichache. Tazama mwaka wa kuchapishwa, kisha tazama kama maandishi yenyewe yamefanyiwa marekebisho au ni jalada tu lililobadilishwa. Tazama kama kuna ramani ya kila eneo na faharasa nyuma. Kitabu kisicho na faharasa kitakusumbua ukiwa juani, jasho likikutoka, ukitafuta habari za msikiti mdogo wa kuba. Tena tazama vitenzi vyake. Kikisema kila mara kwamba msikiti "ulijengwa", sarafu "zilitengenezwa" na dhahabu "ilisafirishwa", uliza: na nani? Vitenzi vya kutendwa humficha mtenda, na mtenda anayefichwa mara nyingi ni fundi mwenyeji, mvuvi, mpishi wa chokaa.

Kisha tazama majina ya mahali. Waandishi wengi wa Kiingereza hupenda kuiita miji hii "iliyopotea". Jamani, ilipotea kwa nani? Kiswahili kina maneno makini zaidi. Gofu ni jengo lililobaki kuta tupu. Mahame ni mahali ambapo watu walihama. Neno mahame limebeba kitenzi ndani yake, kwa hiyo halikuruhusu kusahau kwamba watu walikuwepo, wakaamua kuondoka, na wakaenda mahali fulani. Wala Kilwa Kisiwani si mahame yote. Hadi leo kina wakazi, wanavua, wanalima, wanasali. Kitabu kinachokueleza magofu bila kuwataja wakazi hao kimekudanganya nusu nzima.

Kwa anayetaka kitabu cha pili, nashauri utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Huo hautakuonyesha njia ya Kilwa. Ulitungwa na mtu wa Pate, aliyeyatazama magofu ya mji wake mwenyewe akayatafakari. Vitabu vingi vya mwongozo huandikwa na mgeni anayestaajabu. Hapa utamsikia mwenyeji anayeomboleza, na sauti hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Kitabu hakimwondoi mtu, lakini. Ukifika Kilwa Masoko, pata kibali chako, panda mashua, na umlipe mwongozaji wa kisiwani ipasavyo. Usimkatize kwa sababu kitabu kimesema vingine. Sikiliza kwanza, linganisha baadaye. Yeye ameyasikia mengine kwa bibi yake, na tumeona kwamba habari za mabibi na mababu zilichukua muda mrefu kuthibitishwa na maabara.

Mwisho, tia mkobani daftari tupu. Andika kwa Kiswahili ulichoona, ulichoambiwa na kitabu, na ulichoambiwa na mwenyeji, kila kimoja na safu yake. Ukirudi Nakuru, chukua daftari lilo hilo uende Hyrax Hill siku ya Jumamosi. Kule mwambani kuna vishimo vya bao vilivyochongwa zamani, na watoto wa shule huvipita wakikimbia kwa sababu hawana kurasa tano za Kiswahili cha kueleweka za kuwaambia ni nini. Kurasa hizo anaweza kuziandika mwalimu yeyote aliyekwisha kujifunza kukisoma kitabu cha mwongozo kwa jicho la mwenye nyumba.