Daftari na Kanzidata: Umri wa Kumbukumbu za Afya Nachingwea na Ruangwa

Historia ya wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, husimuliwa mara nyingi kupitia vitu vikubwa vilivyoletwa kutoka mbali: reli, matrekta, viwanda vya kubangua korosho. Kanzidata haimo katika masimulizi hayo. Kanzidata ni programu ya kompyuta inayotunza kumbukumbu kwa mpangilio maalumu ili ziweze kutafutwa, kujumlishwa na kulinganishwa, na ingawa haionekani kwa macho kama trekta, kwa zaidi ya miaka kumi sasa imekuwa ndiyo inayoamua ni watoto wangapi wa wilaya hizi wanahesabiwa kuwa wamechanjwa, ni akina mama wangapi wamejifungulia zahanati, na kwa hiyo ni dawa kiasi gani zitaagizwa. Programu za aina hii zilizofika kusini mwa Tanzania hazikuwa zile zenye majina makubwa ya kibiashara, bali zilitungwa na vikundi vidogo vya vyuo vikuu na watafiti, zikaendeshwa kwa fedha za wafadhili, na tangu mwanzo ziliandamwa na swali ambalo kila mwenye kutunza kumbukumbu hana budi kulijibu: programu hii itaishi miaka mingapi, na siku itakapokufa, kumbukumbu zilizomo zitatoka vipi?

Swali hilo si geni Nachingwea. Mradi wa Karanga, ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947 ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula uliofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ulichagua Kongwa, Urambo na Nachingwea kuwa mashamba yake makuu katika Tanganyika, na kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa njia mpya ya reli kutoka pwani pamoja na bandari ya kina kirefu huko Mtwara. Baadhi ya matrekta ya kufyeka pori yalitengenezwa kutokana na vifaru vya kivita aina ya Sherman, na mengi mengine yalikuwa mabaki ya vita yaliyonunuliwa yakiwa yamekwisha kuchoka, kiasi kwamba kazi ilisimama mara kwa mara kwa kukosa vipuri na mafundi. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na hasara yake ilikadiriwa kuwa pauni milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na mataruma yake kung'olewa, hata leo kata moja ya Nachingwea inaitwa Stesheni bila ya kuwa na treni. Mitambo ile haikushindwa kwa kuwa mibovu yote. Ilishindwa kwa sababu ujuzi wa kuitengeneza, na viwanda vya kutoa vipuri vyake, vilikuwa mahali pengine kabisa.

Kumbukumbu za afya zilianza kwa njia ya unyenyekevu zaidi. Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, unaojulikana kote nchini kwa kifupi chake MTUHA, ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuenea Tanzania Bara kabla ya muongo huo kwisha, nao ulikuwa mfumo wa vitabu. Kila zahanati ilipewa vitabu vyenye namba, na namba hizo zimekuwa lugha ya kazi: muuguzi husema tu "kitabu cha sita" akiwa na maana ya rejista ya wajawazito, "kitabu cha saba" akiwa na maana ya watoto, "kitabu cha kumi na mbili" akiwa na maana ya waliojifungua. Kitabu chenyewe ni kipana kuliko meza nyingi za zahanati. Kurasa zake mbili zikifunuliwa huwa ni mstari mmoja mrefu kwa kila mgonjwa, kuanzia jina na kijiji upande wa kushoto hadi matibabu upande wa kulia, na mwandishi asiyetumia rula hushuka mstari kabla ya kufika mwisho, hata dawa ya mtu mmoja ikasomeka kuwa ya jirani yake. Mwisho wa mwezi mistari hiyo huhamishiwa kwenye fomu ya tali, ambamo kila mgonjwa huwa ufito mmoja na ufito wa tano hukatizwa juu ya minne iliyotangulia. Mafungu hayo ya tano tano huhesabiwa, jumla huandikwa katika ripoti, na ripoti hupelekwa kwa mratibu wa MTUHA wa wilaya mwanzoni mwa mwezi unaofuata. Kwa zahanati za Kilimarondo, mbali na mji wa Nachingwea, au za Mbekenyera upande wa Ruangwa, safari ya karatasi hiyo msimu wa masika ilikuwa kazi peke yake.

Udhaifu wa vitabu ulikuwa wazi, kwani aliyekuwa wilayani alipata jumla bila ya kuweza kuichambua, na aliyekuwa zahanati alituma taarifa bila ya kurudishiwa chochote cha kumfaa. Lakini vilikuwa na sifa moja ambayo mfumo wowote uliokuja baadaye unapaswa kupimwa nayo: kitabu cha MTUHA kilichofungwa kabatini miaka ishirini kinaweza kufunguliwa na mtu yeyote anayejua kusoma, bila umeme, bila leseni na bila kumpigia simu aliyekitunga, mradi mchwa na maji ya mvua havikukifikia kwanza.

Kanzidata iliyokuja kushika nafasi ya hesabu hizo ilizaliwa Afrika Kusini. Mwaka 1994, mwaka uleule ubaguzi wa rangi ulipoanguka, watafiti wa afya wa vyuo vikuu vya Cape Town na Western Cape pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oslo, akiwamo Jørn Braa wa Norway, walianzisha mpango wa mifumo ya taarifa za afya kwa ajili ya wilaya mpya za nchi hiyo, na katika miaka michache wakatoa programu waliyoiita DHIS, ambayo mtungaji wake mkuu alikuwa Calle Hedberg. Programu hiyo ilitolewa bure, pamoja na msimbo wake, yaani maandishi ya amri ambazo kompyuta huzifuata, ili kila nchi iweze kuibadilisha kwa mahitaji yake. Hata hivyo ilijengwa juu ya Access, kanzidata ya kampuni ya Microsoft, na hapo ndipo kitendawili kilipokuwa: ghorofa ilikuwa mali ya wote, lakini msingi wake ulikuwa mali ya mtu mmoja. Idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilijiunga na mpango huo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na majaribio ya kwanza yakafanyika katika wilaya chache za Tanzania, ambapo kila wilaya ilikuwa na nakala yake ya programu ndani ya kompyuta yake, na taarifa zilisafiri kwenda juu zikiwa zimebebwa katika diski. Kompyuta hiyo moja ikiungua au ikiingiwa na virusi, wilaya nzima ilipoteza kumbukumbu.

Wakati huohuo kusini kulikuwa na jaribio la namna nyingine kabisa, ambalo linastahili kukumbukwa kwa sababu lilifanikiwa mno na bado halikuacha chombo cha kudumu. Mwaka 2004 watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara, wakishirikiana na chuo cha tiba za nchi za joto cha London, walizunguka katika wilaya tano, yaani Nachingwea, Ruangwa, Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba, ili kupata picha ya vifo na afya ya watoto kabla ya kuanza kuwapa watoto wachanga dozi za kinga ya malaria wanapoletwa kuchanjwa. Badala ya madodoso ya karatasi, wasaili walibeba kompyuta za kiganjani, vifaa vidogo vya kugusa kwa kijiti, na katika muda wa wiki chache wakakusanya taarifa za zaidi ya kaya 20,000. Mwaka 2007 wakarudi na kufikia zaidi ya kaya 200,000. Dodoso lililopangwa ndani ya kifaa lilikataa majibu yasiyowezekana palepale mlangoni, kwa mfano mtoto aliyezaliwa baada ya tarehe ya usaili, na kazi ya miezi mingi ya kuingiza karatasi katika kompyuta ikatoweka. Kwa wakati wake ilikuwa hatua kubwa, iliyofanyika katika vijiji ambavyo vingi havikuwa na umeme.

Vifaa vya aina hiyo, hata hivyo, havikuishi muongo mmoja zaidi. Simu za kisasa zilivifuta sokoni, programu zilizotungwa kwa ajili yake zikabaki bila kifaa cha kuziendesha, na wasaili wa sensa ya mwaka 2022 walipopita vijiji hivyohivyo mikononi mwao walikuwa na vishikwambi ambavyo havina undugu wowote na kompyuta zile za kiganjani. Hata kanzidata za makampuni makubwa hazikusalimika katika miaka hiyo: mwaka 2007 Microsoft ilitangaza kuwa haitatoa tena toleo jipya la FoxPro, kanzidata iliyokuwa imeenea katika ofisi nyingi duniani. Kilichookoa matokeo ya 2004 na 2007 ni kwamba watafiti hawakuyaacha ndani ya vifaa. Kila mara yalihamishiwa katika kompyuta, kisha katika majedwali ya kawaida ambayo programu nyingi za takwimu huweza kuyasoma. Hapa ipo tofauti ambayo wauzaji wa mifumo huipitia haraka mno, tofauti kati ya uhai wa programu na uhai wa kumbukumbu, na anayenunua mfumo bila ya kuuliza kumbukumbu zitatoka kwa umbo gani amenunua ghala lisilo na mlango.

Watungaji wa DHIS walilielewa jambo hilo kwa njia ngumu. Tangu katikati ya miaka ya 2000 waliiandika upya programu yote kwa lugha ya Java, wakauacha msingi wa Access, na kuiwezesha kukaa juu ya kanzidata huria kama PostgreSQL, ambayo mizizi yake ni kazi iliyoanza katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986 na ambayo haimilikiwi na kampuni yoyote. Toleo hilo jipya, DHIS2, lilianza kutumika Kerala, India, mwaka 2006. Kuandika upya programu inayotumika ni hatari kubwa, kwa kuwa kwa miaka kadhaa nguvu za watungaji hugawanyika, toleo la zamani likiozea mikononi mwa watumiaji na jipya likiwa bado halijakomaa. Mifumo mingi midogo hufia katika kivuko hicho. DHIS2 ilivuka. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2013 ilikuwa imefika katika wilaya zote za Tanzania Bara, na badala ya kila wilaya kuwa na nakala yake, mratibu wa MTUHA wa Nachingwea na mwenzake wa Ruangwa sasa waliingiza ripoti kupitia intaneti katika seva moja ya taifa, yaani kompyuta kuu inayohudumia nyingine zote. Leo programu hiyo inatumika katika zaidi ya nchi 70, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa wanaoitengeneza. Vipuri, safari hii, vinachongwa pia nyumbani.

Lipo jambo jingine la umri wa kanzidata ambalo halitokani na kompyuta hata kidogo, nalo ni umri wa majina. Nachingwea ina kata ya Kipara Mnero na kata ya Kipara Mtua, ina Mnero Miembeni na Mnero Ngongo. Mwandishi anayejaza "Kipara" au "Mnero" peke yake hueleweka na kila mtu zahanati, kwa kuwa wote wanamjua mgonjwa alikotoka, lakini miaka kumi baadaye hakuna awezaye kusema ni Mnero ipi. Wilaya ya Ruangwa yenyewe ilianzishwa katika miaka ya 1990, hivyo anayetafuta takwimu zake za awali hana budi kuzichambua kutoka katika vitabu vya wilaya nyingine, na kila kata inapogawanywa au zahanati mpya inapofunguliwa, mstari wa historia hukatika mahali ambapo mchoro katika kioo cha kompyuta huonyesha tu kuwa idadi ya wagonjwa imeshuka. Kanzidata nzuri huwapa vituo namba zisizobadilika na kuandika tarehe ya kila mgawanyiko. Kazi hiyo haina sifa wala sherehe, lakini bila hiyo hata programu iliyo hai hutunza kumbukumbu zilizokufa.

Fedha nazo zina umri. Mifumo hii imelelewa kwa sehemu kubwa na Norway, na mifuko ya kimataifa ya afya, na Marekani; PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti za halmashauri ambao toleo lake la mtandaoni lilizinduliwa Dodoma mwezi Septemba 2017 na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, aliyekuwa pia mbunge wa Ruangwa, ulijengwa kwa msaada wa mradi wa Marekani. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na katika wiki chache miradi mingi ya takwimu za afya duniani ilifunga milango, ukiwamo mpango mkubwa wa tafiti za afya ya jamii ambao matokeo yake yametumika Tanzania tangu miaka ya 1990. Msimbo ulio huru haukuweza kufutwa kwa agizo hilo, wala seva zilizo nchini hazikuzimika, lakini mishahara ya watu wanaosahihisha makosa ya programu na kuwafundisha waratibu wapya ni gharama ya kila mwaka, na gharama hiyo sasa inatafuta nafasi katika bajeti za serikali na halmashauri zenyewe.

Katika zahanati za wilaya hizi mbili vitabu vya MTUHA bado vipo mezani, vimerekebishwa mara kadhaa lakini namba zake ni zilezile. Muuguzi huandika kwanza kitabuni, hupiga fito, hujumlisha, na hapo tu ndipo tarakimu huanza safari yake kuelekea kwenye seva; mtandao ukikatika, ripoti husubiri na kitabu huendelea kujazwa. Waratibu wa wilaya wanapotilia shaka tarakimu iliyomo kwenye DHIS2, hupanda pikipiki au gari la idara, huenda hadi kituoni, huomba kitabu cha sita au cha kumi na mbili, na kuhesabu upya mistari ya mwezi huo kwa kidole, mmoja baada ya mwingine.