Kipimo cha kingamwili za malaria: kinasema nini, hakisemi nini

Wahudumu wa afya wakipita nyumba kwa nyumba kuchukua tone la damu kidoleni, unaweza kujiuliza: mbona napimwa malaria na mimi siumwi? Huenda siku hiyo hawatafuti mgonjwa. Wanatafuta kingamwili.

Kingamwili ni kinga ambayo mwili hutengeneza baada ya kuingiliwa na vimelea vya malaria. Vimelea vikiisha, kingamwili hubaki kwenye damu, nyingine kwa miezi, nyingine kwa miaka mingi. Hapo ndipo faida yake ilipo mahali penye malaria kidogo: unaweza kupima watu mia moja kwa darubini usimpate hata mmoja mwenye vimelea, kumbe msimu uliopita kuna walioambukizwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulilinganisha watu wanaoishi tambarare na milimani kaskazini mashariki mwa Tanzania. Mlimani kuna baridi, na malaria hupungua. Aina moja ya kingamwili ilionyesha tofauti hiyo vizuri zaidi kuliko kuhesabu waliokutwa na vimelea siku ya kupimwa. Kwa kuangalia umri wa watu, watafiti waliweza pia kutenganisha mabadiliko ya karibuni na yale ya muda mrefu.

Kwa wakimbizi, suala la umri lina uzito wa pekee. Mtoto wa miaka mitatu aliyezaliwa hapa makazini na hajasafiri, akikutwa na kingamwili, kuna dalili kubwa kwamba mbu wa hapa hapa wanaambukiza. (Mtoto mchanga ni tofauti, kwani anaweza kuwa na kingamwili alizopewa na mama yake tumboni.) Mtu mzima huenda alizipata Uvira au Fizi kabla ya kukimbia. Ndiyo maana utaulizwa ulitoka wapi, ulifika lini na ulisafiri wapi. Majibu yasiyo sahihi yanaweza kupeleka neti na dawa ya kupulizia mahali pasipohitajika.

Kukutwa na kingamwili hakumaanishi kwamba unaumwa leo, wala kwamba malaria haitakupata tena. Kutokutwa nazo pia si cheti cha usalama. Ukiwa na homa, usiseme "nilishapimwa juzi". Nenda kituo cha afya ndani ya saa 24 upimwe kwa kipimo cha haraka au darubini, kwani hivyo ndivyo vinavyoamua kama utapewa dawa. Usichelewe kabisa kama una mimba, kama anayeumwa ni mtoto mdogo, au kama ulikulia nyanda za juu zisizo na malaria nyingi, maana mwili wako haujaizoea.

Mara nyingi damu hukaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara, kwa hiyo usitegemee majibu siku hiyo hiyo. Kabla ya kutoa kidole, uliza damu itapimwa nini na majibu yatatumikaje. Una haki ya kukataa, na mtoto hupimwa kwa idhini ya mzazi au mlezi.